Chanjo ya mbwa: kwa nini 70 katika kila 100, na si wote?

Mkulima_Konde:
Assalaam alaykum. Nina mbwa wawili shambani, wananilindia mihogo isiliwe na tumbili. Kila sheha akitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa nawapeleka. Safari hii nimemsikia mchanjaji akisema wakifika asilimia 70 inatosha. Hao 30 si ndio watakaotuuma? Na kwa nini kila mwaka?

Bi_Mifugo_Chake:
Waalaykum salaam kaka. Hii ndiyo kazi yangu, na suali lako ni la msingi. Hesabu inaanzia hapa: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi? Surua, pasipo chanjo, mmoja huambukiza 12 hadi 18, ndiyo maana watoto karibu wote lazima wachanjwe. Kichaa cha mbwa kwa kawaida hakifiki hata 2. Tuchukue 2 kwa tahadhari: nusu ya mbwa wakiwa na kinga, mgonjwa anampata mmoja tu wa kumwambukiza. Ikizidi nusu, ugonjwa unafifia wenyewe.

Sasa 70 ya nini? Mbwa wetu hawadumu, kaka. Chukua mbwa 100, chanja 70. Tuseme kwa mwaka robo yao wanakufa na wanazaliwa wengine wasiojua sindano: wenye kinga wamebaki kama 52. Bado tuko juu ya nusu, lakini kwa kubahatisha. Ruka mwaka mmoja tu, wanashuka hadi 39.

Mimi linalonikosesha usingizi ni wastani. Baada ya chanjo tunapita njiani tukihesabu mbwa wenye ukanda shingoni, ule tunaowavisha wakichanjwa, na wasio nao. Shehia moja ikipata 90 na ya jirani 20, kwenye karatasi si vibaya, lakini kichaa kitakaa palepale kwenye 20.

Kijana_Wete:
Si bora wauliwe wanaozurura, yaishe?

Bi_Mifugo_Chake:
Hapana mwanangu, na hili nakuomba ulifikishe barazani. Mbwa mwenye kichaa hukimbia masafa marefu akitafuta wa kumng'ata. Wakipungua, bado atawafikia. Na unapoua unaua na waliochanjwa, nafasi zao zinajazwa na vitoto visivyo na kinga. Ile 52 umeishusha kwa mkono wako. Hapa Pemba kichaa kiliwahi kumalizwa kwa kuchanja, kikaingia tena, kikapigwa tena kwa chanjo.

Mkulima_Konde:
Nimefahamu bibie. Jike langu lina vitoto vinne, wamezaliwa juzijuzi. Nisubiri wakue?

Bi_Mifugo_Chake:
Usisubiri, walete hivyo hivyo kwenye kapu. Wadogo nao huchanjwa, na hao ndio wanaotupunguzia hesabu kila mwaka. Na mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ile ile.