Mrejesho: ampu ya mtumba Kariakoo

Wakuu, niliuliza kama historia ya umiliki ina maana unaponunua ampu (kikuza sauti) ya mtumba. Ina maana pale tu inapoonyesha ilivyotumika: ya sebuleni na ya kupigia harusi usiku kucha haziwezi kulingana. Ila maneno ya muuzaji hayapimiki, chukua mita ya kupimia umeme. Hii niliyoikuta Kariakoo ni ya Japani, nyuma imeandikwa volti 100. Bila transfoma ya kushusha, umeme wetu wa 230 unaiunguza. Tukapima DC (umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hautakiwi kufika kwenye spika) kwenye matundu ya spika, spika zikiwa zimechomolewa, sauti chini kabisa: kushoto milivolti 18, kulia 140. Mimi ikizidi 50 sichukui. Kapasita (vile vidude vya ndani vinavyotunza chaji) hazijavimba, lakini vichwa vya skrubu vimeliwa na bisibisi; fundi ameshapita humo. Nimeiacha.