Kampuni kubwa au ndogo Marekani: mwenye STEM OPT apime nini?

Habari za leo wanajumuiya. Ndugu yetu mmoja ana ofa mbili za kazi: kampuni ya watu elfu kadhaa, na nyingine ya watu 14 inayolipa zaidi kidogo. Yuko STEM OPT (kibali cha muda cha kufanya kazi kwa waliosoma sayansi na teknolojia Marekani kwa viza ya mwanafunzi), mkewe ni mjamzito. Aangalie nini kabla ya kusaini?

Re:

Kaka, mshahara usubiri. Kwanza aulize kama ile ndogo imejisajili E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi. Kama haijasajiliwa, mjadala umekwisha, kwa sababu STEM OPT haimruhusu kufanya kazi huko. Kama imesajiliwa, fomu mpya ya I-983 (mpango wa mafunzo kazini) imfikie ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni ndani ya siku 10 tangu aanze kazi.

Pili ni bima. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 50 halazimiki kuitoa. Akiitoa, mwambie aulize mchango wa familia nzima kwa mwezi. Takwimu wanayopenda kuonyesha ni ya mfanyakazi peke yake, nayo inapumbaza. Aulize pia bima inaanza lini: sheria inaruhusu kusubiri hadi siku 90, na mimba haisubiri.

Likizo ya FMLA (sheria ya likizo ya familia na matibabu) ya wiki 12 bila malipo wengi huitaja kama sifa ya kampuni kubwa. Kweli, inaanzia wafanyakazi 50, lakini pia inadai uwe umemfanyia mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250. Kwa hiyo mtoto huyu atakapozaliwa, haitamsaidia popote. Asome sera ya kampuni yenyewe kuhusu likizo ya baba, na apewe jibu kwa maandishi.

Re: Re:

Naongeza upande wa grinikadi (ukaazi wa kudumu), maana hapo ndipo watu hukwama. Mwajiri lazima athibitishe uwezo wa kulipa mshahara aliouahidi, tangu PERM (ombi la mwajiri kwa Wizara ya Kazi, hatua ya kwanza ya grinikadi) ilipowasilishwa hadi mtu apate ukaazi. Kampuni ndogo inayopata hasara inaweza kukataliwa hapo, ingawa kama tayari inamlipa mshahara huo kamili, malipo yenyewe ni ushahidi mzuri.

Kubwa nayo ina mtego wake. Ikipunguza wafanyakazi wa fani ileile katika eneo hilo, kwa miezi 6 inatakiwa kuwajulisha walioachishwa na kuwafikiria kwanza, kwa hiyo wengi husimamisha PERM zote. Aulize: mnaanza PERM baada ya muda gani kazini, na kwa sasa imesimamishwa?

Gharama za PERM, wakili wa mwajiri akiwemo, ni za mwajiri. Anayetaka kumkata mfanyakazi anavunja sheria, na hao wapo.

I-140 (ombi la mwajiri kwa uhamiaji, hatua inayofuata PERM) ikishafikisha siku 180 tangu kuidhinishwa, haifutwi kwa sababu tu kampuni imeiondoa au imefungwa. Kabla ya hapo, kampuni ndogo ikifa inaweza kufa nayo.

Re: Re: Re:

Ahsante dada. Kuhusu hisa: zile za kampuni ndogo, ambazo mara nyingi ni haki ya kununua hisa baadaye (stock options), zisihesabiwe kama mshahara. Aulize jumla ya hisa zote za kampuni, maana "hisa 10,000" bila jumla hazisemi kitu. Akiondoka, kwa kawaida ana siku 90 tu za kuzinunua kwa fedha zake, la sivyo zinapotea.

Na huko kwenye kubwa aangalie mchango wa mwajiri katika 401(k), akiba ya uzeeni: unaweza kuchukua hadi miaka 6 kuwa wake wote.