Bodi ya foili yenye deki ya mbinuko: nichimbe katikati au niongeze pembeni?

UpepoWaKusi (Entebbe)

Wakuu, habari za jioni. Bodi ni ya foili (bawa la chini ya maji, linaloshikwa na mlingoti na kuinua bodi juu ya maji), nayo huvutwa kwa bawa la mkono linaloshika upepo. Ni lita 75, urefu sm 157, upana sm 64. Uzito wangu kilo 80. Deki, yaani uso wa juu ninaosimamia, ina mbinuko: katikati iko juu kuliko kingo kwa mm 10 hivi. Nikishanyanyuka juu ya foili na kukata kona upande wa visigino, mguu wa mbele unateleza kwenda nje na bodi inachelewa kuitika. Nataka deki ya mbonyeo, yaani katikati iwe chini kuliko pembeni. Wazo ni kubandua pedi (zulia la mpira la kuzuia miguu kuteleza), kuchimba mm 8 katikati kwa grainda, halafu kufunika kwa faibaglasi ya gramu 200, leya mbili. Epoksi, resini ya kugandisha faibaglasi, ninayo kilo moja. Mnaonaje?

FundiResini

Weka grainda chini kwanza, ndugu. Deki ya bodi ya kiwandani mara nyingi ni faibaglasi, kisha foamu ngumu ya PVC ya mm 3 hivi, kisha faibaglasi tena, ndipo ukute foamu nyeupe ya punje. Ukichimba mm 8 umeshatoboa yote hayo. Leya mbili za gramu 200 zikikauka hazifiki hata nusu milimita, na nguvu ya ngozi ile ilitokana na umbali kati ya faibaglasi ya juu na ya chini. Foili inasukuma juu kupitia maboksi (reli zilizozamishwa chini ya bodi, anapofungwa mlingoti), miguu yako inasukuma chini, deki inabanwa katikati. Ufa utaanzia chini ya kisigino cha mguu wa nyuma, juu kidogo ya boksi, na maji yakishaingia kwenye punje kuyatoa ni kazi ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo ongeza, usipunguze. Ila usiongeze kwenye ukingo wenyewe, watu wengi hukosea hapo. Piga hesabu: mguu wa sm 27 uliowekwa kwa mshazari unafunika sm 12 hivi kila upande wa mstari wa katikati. Mbinuko wako wa mm 10 ni wa upana mzima. Pale vidole vinapoishia deki imeshuka mm 1.5 tu. Ukijenga kabari (kipande kirefu kinachopanda taratibu) ukingoni, mguu hautaigusa kamwe.

Kabari ianzie sm 7 kutoka katikati ikiwa sifuri, ipande hadi mm 9 ikifika sm 15, kisha ishuke taratibu hadi sifuri kwa sm 4 nyingine kuelekea ukingo. Urefu sm 90, upande wa kushoto na wa kulia. Ukitoa ule mteremko wa deki unabaki na mbonyeo wa mm 6 hadi 7, unaotosha kabisa. Ukipita mm 12 vifundo vya miguu vinaanza kulalamika.

Jaribu kwanza kwa EVA (foamu laini ya soli za viatu) ya mm 10 kutoka kwa wauza vifaa vya mafundi viatu. Kata vipande viwili vya sm 12 kwa 90, chonga umbo kwa msasa wa 60 uliofungwa kwenye kibao, bandika juu ya pedi kwa tepu imara ya pande mbili, ingia majini. Usipoona tofauti, umeokoa resini.

Bugonga_Mast

Namuunga mkono Fundi. Jaribio likikubali, kazi ya kudumu iko hivi.

Pedi ibanduliwe kwa draya ya nywele na kikwangua cha plastiki, sm 10 kwa sm 10, bila haraka. Gundi inayobaki futa kwa asetoni iliyoloweshwa kwenye kitambaa, usimimine. Ikipata ufa na kufika kwenye foamu itaiyeyusha. Kisha msasa wa 80 mpaka mng'ao wote uishe. Ukianza kuona nyuzi za faibaglasi, simama.

Kabari zichongwe kwa PVC ya kilo 80 kwa mita ya ujazo. Ukikosa, XPS ya buluu (foamu ya mbao za kuzuia joto la nyumba) inafaa ikikwaruzwa vizuri kwa msasa, ingawa chini ya pedi nyeusi na jua la hapa inaweza kutoa gesi na kuinua ngozi. Kata kigezo cha plaiwudi chenye umbo la deki unayoitaka na ukipitishe kila sm 15. Jicho peke yake hudanganya, na kabari mbili zisizolingana utazisikia kwenye kona ya kwanza. Zibandike kwa epoksi iliyokorogwa na poda nyepesi ya kujazia hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, kisha weka mifuko ya mchanga juu.

Faibaglasi: gramu 160, leya mbili, zikatwe nyuzi zikae digrii 45. Ya kwanza ivuke kabari kwa sm 5 kila upande, ya pili sm 2.5. Anza jioni joto linaposhuka, ili foamu ivute resini ndani badala ya kupuliza mapovu. Koroga gramu 100 hadi 150 kwa mara moja, kikombe kikubwa huchemka. Soma kopo kuhusu kipimo cha resini na kigandishi: 2 kwa 1 ya ujazo si 2 kwa 1 ya uzito. Siku ya mvua resini huweza kuacha utando wa mafuta juu, uoshe kwa maji na sabuni kabla ya msasa, la sivyo leya inayofuata haishiki.

Kila kitu kikikauka umeongeza gramu 400 hivi. Na tafadhali, resini ya polyester ya mafundi wa matangi isiikaribie bodi hii. Inakula foamu.

NjiaYaMaji

Mimi nina shaka kidogo na swali lenyewe. Kuchelewa kuitika si lazima kutokane na deki. Sm 12 za unene chini ya mguu zinakuweka mbali na foili. Kabari haziondoi hilo. Kabla ya kukata chochote, sogeza mlingoti mm 10 nyuma kwenye reli. Foili ikiwa mbele mno unalazimika kukandamiza mguu wa mbele muda wote, na mguu unaokandamiza ukiwa umenyooka ndio unaoteleza. Kagua pia pedi: ikiwa imelainika, hakuna umbo litakalokusaidia.

Ukijenga, acha mkia wazi. Mbonyeo uliozibwa nyuma ni beseni: mm 5 za maji kwenye theluthi moja ya mita ya mraba ni zaidi ya kilo moja na nusu, na inahama kila ukiinamisha bodi. Katikati paache tambarare pia, maana unapobadilisha miguu vidole vitakwama, na kwenye kuanza kwa magoti kabari ndefu inaumiza.

UpepoWaKusi

Asanteni. Nimesogeza mlingoti, mguu wa mbele umepumua lakini kuteleza kupo. Nitaendelea na EVA. Nikiona imekaa vizuri, naweza kuiacha bila faibaglasi? Na ile skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyofungiwa ndani ya bodi, kwenye deki, iko sm 13 kutoka katikati, kabari itaifunika.

FundiResini

Unaweza. Badala ya tepu tumia gundi ya viatu, paka mara mbili kwenye EVA na mara mbili kwenye bodi, subiri isishike kidole ndipo ubandike, na usiingie majini kabla ya saa 24. EVA itabonyea chini ya visigino kadiri muda unavyokwenda, ila kuibadilisha ni rahisi.

Skrubu usiifunike hata kidogo. Kata tundu la sm 4 kwenye kabari kuizunguka, likiwa na mfereji wa kutolea maji nyuma. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya bahari. Bodi iliyofungwa hewa pwani ikifika hapa, hewa ya ndani inasukuma ngozi kwa gramu 130 hivi kila sentimita ya mraba, kabla hata jua halijaipasha. Ikiwa ni ya kukaza kwa mkono, ilegeze kila unapoiweka bodi juani au kuisafirisha, uikaze kabla ya kuingia majini. Ikiwa ni ile inayopumua yenyewe, iache, na usiipake resini wala gundi.