Tovuti ya nyumba ya wageni Moshi: domeni iko kwa fundi wa zamani, fomu haifikishi ujumbe, Google haiioni. Nianzie wapi?

kurasa_moshi

Wakuu salaam. Nimepewa kazi na nyumba ya wageni ya vyumba 9 hapa Moshi. Wateja wao wengi ni wapanda Kilimanjaro wanaoulizia chumba wakiwa bado makwao. Tovuti wanayo, ni ya WordPress, ila fundi aliyeitengeneza siku hizi hapokei simu. Hali iko hivi:

1. Domeni (anwani ya tovuti) ni ya .com, imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya huyo fundi. Imebakiza kama miezi minne kuisha.

2. Barua pepe ziko Google Workspace na wanazilipia wenyewe. Kabla ya kupotea, fundi alihamishia tovuti kwenye hostingi nyingine, yaani seva nyingine ya kukodi (akaunti ni ya mwenye nyumba, na cPanel, ukurasa wa kuisimamia, naingia). Tangu hapo fomu ya kuulizia chumba inasema "imetumwa" lakini info@ haipati kitu. Wageni wakiandika moja kwa moja zinafika, ila majibu ya mapokezi yanaangukia spamu.

3. Ukiandika jina la nyumba Google unaletewa kurasa za mawakala wa booking tu. Kwenye ramani alama ipo, haijulikani inasimamiwa na nani, na namba ya simu ni ya zamani.

4. Mwenye nyumba anataka "tovuti mpya" na anasubiri bei.

Naombeni mpangilio wa kazi, na namna ya kumpangia bei bila kuumizana. Nawasilisha.

SevaNaKamba

Mkuu, shika domeni kwanza. Tovuti unaweza kuijenga upya wiki mbili zijazo. Domeni ikipotea, inaondoka na barua pepe zote za biashara na kila kadi na bango lililoandikwa ile anwani.

Fanya whois (utafutaji wa taarifa za usajili wa domeni) leo uone msajili ni nani na tarehe kamili ya kuisha. Ukikuta "clientTransferProhibited" usishtuke, hilo ni kufuli la kawaida. Halafu mwenye nyumba mwenyewe, si wewe, aiandikie kampuni ya usajili akiambatanisha cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kitambulisho chake na risiti za malipo aliyompa fundi. Huku nyuma aendelee kumtafuta fundi kwa maandishi, kwa lugha ya kistaarabu. Ugomvi haurudishi domeni. Cha kumwomba ni kidogo tu: aisogeze domeni kwenye akaunti ya mteja palepale kwa msajili huyohuyo. Akikataa hilo, basi afungue kufuli na atoe msimbo wa uhamisho.

Angalia mtego mmoja: ukibadilisha jina la mmiliki kwanza, wasajili wengi wanafunga uhamisho kwa siku 60. Kama nia ni kuhamia kwa msajili mwingine, hama kwanza, jina libadilishwe baadaye.

Tarehe ikifika kabla hamjafanikiwa, .com haipotei siku hiyohiyo. Kuna kipindi cha neema kinachotegemea msajili (hakizidi siku 45), kisha siku 30 za kuikomboa kwa gharama kubwa, kisha siku 5, ndipo inaachiwa yeyote aichukue. Ila tovuti na barua pepe huzimika mapema kabla ya hapo, na wapo wasajili wanaoiuza kwa mnada ndani ya kipindi cha neema. Kwa hiyo miezi minne si mingi.

Kwenye barua pepe, dalili ulizotaja zinaonyesha matatizo mawili tofauti, na yote unaweza kuyatibu leo kama nameserver (seva zinazotunza rekodi za DNS, yaani maelekezo ya domeni) nazo zilihamishiwa hostingi mpya, maana rekodi hizo sasa zitakuwa kwenye hiyo cPanel.

La kwanza ni fomu. Seva inadhani yenyewe ndiyo inayohifadhi barua pepe za domeni hiyo, hivyo ujumbe wa fomu kwenda info@ inauweka humohumo ndani, kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Kwenye cPanel nenda Email Routing, chagua "Remote Mail Exchanger", hifadhi. Kisha kwenye WordPress funga plagini (programu ya nyongeza) ya SMTP, utume kupitia seva ya barua ya Google, smtp.gmail.com, poti 587, kwa nywila ya programu, yaani "App Password" (akaunti lazima iwe na uthibitisho wa hatua mbili). Kwenye mipangilio ya fomu, mtumaji awe info@ ya domeni yenu. Anwani ya mgeni iwekwe kwenye Reply-To (mahali pa kujibu). Fomu nyingi zinaweka anwani ya mgeni kama mtumaji, na hapo seva yako inajifanya Yahoo au Gmail. Inakataliwa, na ni haki ikataliwe.

La pili ni spamu. Nameserver zilipobadilishwa, rekodi za kule zamani hazikuja zenyewe. Fundi alikumbuka MX (rekodi inayosema barua zipelekwe wapi), ndiyo maana barua zinaingia, lakini rekodi za TXT (za maandishi, zinazothibitisha mtumaji) zilibaki nyuma. Unahitaji tatu:

SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni): `v=spf1 include:_spf.google.com ~all`. Iwe MOJA tu. cPanel kwa kawaida huwa imeshaandika ya kwake. Ukiongeza ya pili pembeni, zote mbili zinahesabika kama kosa, sawa na kutokuwa nayo. Ihariri iliyopo.

DKIM (saini ya kidijitali kwenye kila barua): itengeneze kwenye ukurasa wa msimamizi wa Workspace, biti 2048, ibandike kwenye `google._domainkey`. Kisha rudi kulekule ubonyeze kuanza uthibitishaji. Wengi wanasahau hatua hii ya mwisho.

DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa vipimo hivyo): kwenye `_dmarc` weka `v=DMARC1; p=none; rua=mailto:` na anwani ya kupokea ripoti. Usikurupukie p=reject (kuamuru barua zinazoshindwa zikataliwe) kabla hujasoma ripoti za wiki kadhaa. Utajifungia barua zako mwenyewe.

Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila anayeiandikia awe na SPF au DKIM, kwa hiyo hili halina mjadala. Ukimaliza, tuma barua kwenda Gmail yoyote, fungua "Show original". Unatafuta PASS tatu: SPF, DKIM na DMARC.

ramani_na_picha

Naongezea upande wa Google.

Kabla hujalaumu kitu kingine, ingia WordPress, Settings, Reading, utazame ile tiki ya kuzuia injini za utafutaji. Mafundi huiweka wakati wa ujenzi au wa kuhamisha na kusahau kuitoa. Ikiwa imo, hakuna maneno wala picha zitakazoiokoa tovuti. Itoe, kisha fungua Search Console (zana ya Google ya wenye tovuti) kwa akaunti ya Google ya mwenye nyumba, thibitisha domeni nzima kwa rekodi ya TXT, wasilisha `wp-sitemap.xml` (orodha ya kurasa zako), na omba ukurasa wa mwanzo ukaguliwe. Baada ya siku chache andika `site:` ikifuatiwa na domeni uone kurasa zilizoingia.

Sasa ramani. Kwa biashara ya kulala wageni, wasifu wa Google (Business Profile, ile alama ya ramani na taarifa zake) unaleta simu nyingi kuliko ukurasa wa mwanzo, na ni bure. Bonyeza "dai umiliki wa biashara hii". Ikionekana kuna anayeushikilia, omba idhini. Ana siku 3 za kujibu, akikaa kimya unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe. Mmiliki mkuu awe Gmail ya mwenye nyumba, wewe uwe meneja. Mkiachana, anakuondoa kwa kubonyeza mara moja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video. Ichukuliwe mfululizo bila kukatwa: anzia barabarani ionekane mazingira na majengo jirani, sogea hadi kwenye kibao cha jina, kisha mwenye nyumba afungue mlango kwa funguo zake na kuingia mapokezi. Video iliyopigwa ndani tu inakataliwa kwa sababu haionyeshi mahali. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao. Ukiongeza "nafuu Moshi Kilimanjaro" mbele yake, wasifu unaweza kusimamishwa, na kuurudisha ni kazi kubwa kuliko kuufungua. Alama ya ramani isogeze kwa mkono hadi kwenye geti. Moshi mtaani dereva anafuata alama, si jina la barabara.

Picha: simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya 4000 kwa 3000 yenye MB 3 hadi 5. Ukipakia kumi kama zilivyo, mgeni anamaliza bando kabla hajaona bei ya chumba. Punguza upana hadi pikseli 1600, geuza kuwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha) kwa ubora wa 75 hivi, utapata kama KB 150 hadi 250 na jicho halitaona tofauti. Picha kubwa ya juu usiiwekee kuchelewa kupakiwa, hiyo ndiyo inayopimwa. Google inataka kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa PageSpeed Insights upande wa simu, achana na ule wa kompyuta.

Kitufe cha WhatsApp: `https://wa.me/255` ikifuatiwa na tarakimu tisa. Bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo. Kile cha kupiga simu ndicho chenye kujumlisha, `tel:+255`. Watu wanavichanganya, na mgeni aliyeko Ujerumani anabonyeza hakuna kinachotokea.

kurasa_moshi

Nashukuruni sana. Tiki ya kuzuia ilikuwemo kweli, na SPF zilikuwa mbili. Nimeunganisha, PASS zote tatu zimetokea, fomu inafika. Barua kwa msajili imekwenda leo ikiwa na cheti cha BRELA.

Limebaki la bei. Mwenye nyumba bado anataka tovuti mpya. Na picha na maelezo watayaleta lini, sioni dalili.

HesabuKwanza

Hayo uliyokwisha fanya yaandikie ankara yake peke yake: uokoaji wa domeni, barua pepe, usajili wa Google. Usiyafiche ndani ya bei ya tovuti. Ukiyafanya zawadi, mteja atadhani tovuti ndiyo iliyoleta mabadiliko, na mwakani atashangaa ukimtoza kwa kazi ileile.

Tovuti mpya igawe malipo matatu: asilimia 50 kabla ya kugusa kitu, 30 akiidhinisha muundo kwenye anwani ya majaribio, 20 kabla ya kuiweka kwenye domeni halisi. Neno "kabla" liandike wazi. Ile 20 ikisubiri baada ya kwenda hewani, ndiyo inayogeuka "nitakucheki mwisho wa mwezi".

Suala la picha na maelezo: usiyasubiri. Mwenye nyumba ya wageni anaamka saa 10 alfajiri kuandaa chai ya wapanda mlima, hatakaa chini kuandika "Kuhusu Sisi". Weka kwenye bei nusu siku ya kwenda kupiga picha na saa moja ya kumhoji, kisha uandike wewe naye asahihishe. Muulize yale ambayo mgeni wa mlima huuliza: anachukuliwa uwanja wa ndege wa KIA kwa shilingi ngapi, mzigo unatunzwa wapi siku anazokuwa mlimani, maji ya moto yapo muda wote, kifungua kinywa cha mapema kinawezekana, kadi zinapokelewa, akirudi siku moja kabla chumba kitapatikana? Majibu hayo ndiyo maudhui. Hayo ndiyo yatakayomfanya mtu aandike moja kwa moja badala ya kupitia wakala anayekata kamisheni.

Akisisitiza kuleta mwenyewe, sawa, lakini mkataba useme: siku 14 zikipita bila vitu, kazi inasimama na malipo ya pili yanadaiwa. Marekebisho raundi mbili, maoni yote kutoka kwa mtu mmoja, kwenye waraka mmoja. Maoni yanayoletwa kwa sauti za WhatsApp usiku yanaua miradi.

Ada ya mwaka ichambue: domeni, hostingi, matunzo, kila kimoja na mstari wake. Domeni na hostingi alipie mwenyewe moja kwa moja, wewe ubaki na matunzo, na uandike matunzo ni nini: masasisho kila wiki, bakapu nje ya seva, kujaribu fomu kila mwezi kwa kutuma ujumbe halisi, kubadilisha bei za vyumba mara nne kwa mwaka. Zaidi ya hapo analipia kwa saa.

Bei zote kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kunukuu na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani. Kwa hiyo kama leseni zako za plagini zinalipiwa kwa dola, acha nafasi ya kupanda kwa dola ndani ya bei. Tena mteja akiwa kampuni anaweza kukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya huduma: ankara ya 1,200,000 unapokea 1,140,000. Ile 60,000 si hasara, ni kodi yako ya mapato iliyotangulia, ila tu ukidai cheti cha zuio. Bila cheti huna cha kuonyesha TRA (mamlaka ya mapato).

SevaNaKamba

Nakubaliana na HesabuKwanza kwa yote. Mawili ya kiufundi kabla hujaanza kujenga.

Chukua bakapu kamili ya tovuti ilivyo sasa, faili na hifadhidata, uiweke nje ya hiyo hostingi. Kisha tazama orodha ya watumiaji. Akaunti ya fundi wa zamani ishushe kutoka usimamizi, usiifute, maana WordPress itakuuliza kurasa alizoandika apewe nani, na ukibonyeza vibaya zinafutika. Badilisha nywila za cPanel, hifadhidata na FTP (njia ya kupakia faili kwenye seva). Plagini au themu ya kulipia isiyo na leseni ing'oe. Zile za kulipia zinazogawiwa bure mitaani mara nyingi zina msimbo uliofichwa, na ndizo zinazoanza kupeleka wageni kwenye kurasa za kamari.

Na kwenye fomu mpya usiweke sehemu ya kupakia nakala ya pasipoti, hata mapokezi wakiomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na pasipoti za wageni kukaa kwenye hostingi ya pamoja ni mzigo ambao si wewe wala mwenye nyumba anayeuhitaji. Jina, tarehe, idadi ya watu, namba ya WhatsApp. Pasipoti aionyeshe akifika.