MJADALA: Værløse ilitendewa haki kuunganishwa na Farum?

Wakuu, habari zenu. Wanaotetea kuunganisha manispaa ndogo hurudia hoja moja: watu wachache, ofisi nyingi, kodi inaishia kwenye mishahara. Denmark waliifuata hoja hiyo tarehe 1 Januari 2007, manispaa 270 hivi zikabaki 98. Naileta hapa Værløse, iliyokuwa manispaa ya viunga vya kaskazini-magharibi mwa Copenhagen iliyounganishwa na jirani yake Farum, na sasa zote ni manispaa moja iitwayo Furesø. Msimamo wangu: ilionewa.

Nianze na ramani, maana hapo wapinzani wangu wana nguvu. Værløse na Farum zote mbili zinagusa ziwa Furesø, lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Denmark, na reli yao ni moja, iliyofunguliwa 1906. Reli hiyo ndiyo iliyogeuza vijiji vya wakulima kuwa makazi ya watu wanaoshinda kazini Copenhagen. Mwaka 1977 ikaingizwa kwenye mtandao wa treni za mji mkuu. Msitu wa Hareskov upande mmoja, na upande mwingine uwanja wa jeshi la anga uliofungwa 2004, ndivyo vilivyozuia nyumba zisijae kila mahali. Kijiografia, ndoa hiyo haikuwa ya kushangaza.

Tatizo ni deni. Farum, chini ya meya Peter Brixtofte, iliuza majengo yake ya umma kisha ikayakodi yale yale, ikakopa, ikajenga viwanja vya michezo vya fahari. Kashfa ikalipuka 2002, na Brixtofte akaishia gerezani. Sasa niambieni: mkazi wa Værløse alihusikaje? Hakuwahi kumpigia kura wala hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Serikali kuu ilitoa msaada maalumu, sawa, lakini msaada hautoi jibu la kwa nini aingizwe kwenye hesabu hizo.

Na msiseme hapakuwa na njia nyingine. Kiwango cha chini cha manispaa kubaki peke yake kilikuwa wakazi 20,000, na Værløse ilipungukiwa kidogo tu. Manispaa ndogo iliruhusiwa kubaki endapo ingefunga mkataba wa ushirikiano na jirani mkubwa. Dragør walifanya hivyo na Tårnby, Vallensbæk wakafanya hivyo na Ishøj, na mpaka leo wana mameya wao. Værløse nayo ingeweza, maana ilipakana na Ballerup, yenye watu zaidi ya mara mbili yake.

Najua nitaulizwa: basi Farum ingeachiwa nani? Hilo ndilo swali zito. Kusimamia fedha za manispaa zisivuke sheria ni kazi ya dola, na usimamizi huo ulishindwa kumzuia meya mapema. Kwa hiyo dola lingelibeba deni lote kwanza, ndipo mipaka ichorwe.

Anayepinga alete hoja. Deni lililokopwa kabla ya muungano walipe waliomchagua mkopaji, walipe wakazi wote wa manispaa mpya, au lilipwe na taifa?