Nodi mbili za Bitcoin Core kwenye laptopu moja: ya pili inagoma kuwaka

kijana_wa_foleni
Wakuu salaam. Nimegusa msimbo wa Bitcoin Core (programu ya kuendesha nodi, yaani kompyuta ya mtandao wa Bitcoin), ile sehemu inayoamua muamala upi utupwe pale foleni ya miamala inayosubiri (mempool) inapojaa. Nataka niujaribu hapa kwangu kabla sijamwonyesha mtu. Nimeandaa nodi mbili za regtest (mtandao binafsi wa majaribio, bloku unachimba mwenyewe): moja ina mabadiliko yangu, nyingine sijaigusa. Ya kwanza inawaka. Ya pili nimeipa folda yake, nikaandika regtest=1, port=18555 na rpcport=18554 kwenye bitcoin.conf, lakini inalalamika kuhusu port (namba ya mlango wa mawasiliano) halafu inazima. Na ile ya kwanza nimeichimbia bloku kadhaa, salio bado sifuri. Au niachane na regtest nihamie testnet4, ule mtandao wa majaribio wa umma?

mzee_terminal
Testnet4 ya nini tena mkuu? Kule foleni si yako, wachimbaji si wako, na huwezi kumwambia mtu asubiri ujaze foleni kwanza. Kaa hapo hapo.

Tuanze na port. Mipangilio kama port, rpcport, bind na addnode ukiiandika juu kabisa ya faili, Bitcoin Core inaihesabu ni ya mtandao mkuu. Acha regtest=1 juu, shuka chini andika mstari wenye [regtest] peke yake, kisha hizo port zifuate chini yake. Ujumbe wa kosa unasema hivyo hivyo, ila najua hakuna anayeusoma hadi mwisho.

Salio: malipo ya mchimbaji hayatumiki mpaka zipite bloku 100 juu yake. Unda pochi kwa createwallet, chukua anwani (ikianza na bcrt1 uko salama), kisha generatetoaddress 101. Hapo utaona bitcoin 50 zako za majaribio. Usichimbe kwa fujo lakini. Kwenye regtest malipo yanakatwa nusu kila bloku 150, na ukikaribia bloku elfu tano unachimba hewa.

Ukituma muamala na pochi ikasema haiwezi kukadiria ada, ni kawaida, mtandao wako hauna historia ya kukadiria. Weka fallbackfee=0.0002, ndiyo ada ya kutumia makadirio yakikosekana.

Sasa kazi yenyewe. Foleni ya kawaida ni MB 300, utaijaza mpaka kesho. Weka maxmempool=5 (yaani MB 5) kwenye nodi zote mbili. Kabla ya kuijaza, gawanya salio lako vipande vingi uvichimbie bloku, maana nodi haipokei mlolongo mrefu wa miamala inayotegemeana ambayo haijathibitishwa. Kisha tuma miamala yenye ada tofauti tofauti mpaka mempoolminfee (ada ya chini ya kuingia foleni) kwenye getmempoolinfo ianze kupanda. Hapo ndipo utupaji umeanza. Linganisha getrawmempool ya nodi zote mbili. Tofauti utakayoiona ndiyo kazi ya mikono yako.

kijana_wa_foleni
Mzee ubarikiwe, imewaka. Jana zimeongea vizuri baada ya kuweka addnode=127.0.0.1:18444 (anwani ya nodi ya kwanza) kwenye ya pili. Leo nimewasha tena, getpeerinfo inaonyesha zimeunganishwa, ila muamala ukitoka nodi ya kwanza haufiki ya pili. Nimeharibu kitu kwenye msimbo?

mzee_terminal
Hujaharibu. Bloku yako ya mwisho imepitisha saa 24, kwa hiyo nodi ikiwashwa upya inajiona bado iko nyuma, inavuta mnyororo, na ikiwa katika hali hiyo haiombi miamala ya wenzake. Chimba bloku moja. Mimi nimeiweka kwenye skripti ya kuwashia, sitaki hata kuifikiria.

bi_mnyororo
Naongezea kidogo hapo kwenye nodi ambayo haijaguswa. Usiitoe hata ukichoka nayo. Machi 2013 toleo la 0.8 lilibadilisha hifadhidata kutoka Berkeley DB kwenda LevelDB, na hakuna aliyekusudia kugusa kanuni za mtandao. Ikaja bloku 225430: nodi za 0.8 zikaipokea, nyingi za matoleo ya zamani zikaikataa kwa sababu hifadhidata yao ilikuwa na kikomo cha idadi ya kufuli (locks) inazoweza kushika kwa mara moja, nao mnyororo ukapasuka. Ikabidi wachimbaji warudi 0.7. Badiliko lako ni la foleni tu, halipaswi kupasua chochote, lakini hata la hifadhidata halikupaswa. Ukimaliza majaribio ya foleni, tumia invalidateblock (amri ya kuifanya nodi iikatae bloku) kwenye nodi moja, chimba tawi refu zaidi, uone kama foleni zinarudi zilivyotarajiwa.

kijana_wa_foleni
Sawa dada. Na kama nataka rafiki yangu aliye mji mwingine ajaribu pamoja nami? Regtest yeyote anachimba bloku anapotaka, tutavurugana.

bi_mnyororo
Hapo ndipo signet inapoingia, mtandao wa majaribio ambao bloku zake lazima zisainiwe; ilikuja na toleo 0.21. Msianzishe kwenye ile ya umma, undeni yenu. Mnaweka signetchallenge moja (sharti la saini ya bloku) kwenye mashine zote mbili, na bloku isiyo na saini ya mwenye ufunguo inakataliwa. Alama ya kutambulishana kwa nodi inatokana na hiyo challenge yenyewe, kwa hiyo hamtachanganyikana na mtandao wa watu wengine. Ufunguo akae nao mmoja wenu, ndiye mchimbaji. Programu ya kuchimbia imo ndani ya msimbo ulionao tayari, contrib/signet/miner, unaiendesha kwa Python.