Tupeane uzoefu: flashi ya kupigia Windows ilikukwamisha wapi?

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Jirani aliniletea laptopu nimpigie Windows 10 upya. Flashi nikaiandaa kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kubuti, bila kuangalia mipangilio. Ikabuti vizuri, ila nilipofika pa kuchagua partisheni (sehemu ya diski) ikagoma: diski ni ya GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Nusura nifute diski nzima, na kwenye D mlikuwa na picha za harusi yake ambazo hazikuwa na nakala popote. Kumbe flashi niliiandaa kwa MBR, mpangilio wa zamani, mashine ikabuti kwa mtindo wa zamani wa BIOS (programu ya kuiwashia mashine), ndiyo maana haikuitaka GPT. Nikairudia flashi kwa GPT na UEFI (mrithi wa BIOS), kazi ikaisha, picha zikabaki salama. Sasa kama mashine bado inawaka, kwanza naandika msinfo32 pale pa kutafuta kwenye Windows na kusoma mstari wa BIOS Mode, nijue ni UEFI au ule mtindo wa zamani.

Wengine je?

---

Mkuu, mimi niliponzwa na flashi yenyewe. Imeandikwa 64GB, nimeinunua kwa machinga. Rufus inamaliza, halafu katikati ya kupiga Windows naambiwa kuna faili halipo. Mara tatu! Nikawasha ukaguzi wa bad blocks (sehemu mbovu za flashi) humo humo kwenye Rufus, ikagundulika flashi ni feki, ujazo wake halisi mdogo mno. Ukaguzi huo unakula muda, lakini flashi ngeni siitumii bila huo.

---

Mimi nilikopi mafaili ya ISO (faili moja lenye diski nzima ya Windows) kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32. install.wim, faili lenye Windows yenyewe, ikakataa kuingia, maana FAT32 haibebi faili moja linalofika 4GB. Nikafomati kwa NTFS, likaingia, ila UEFI ya mashine ile haikuiona flashi kabisa. Dada yangu ndiye alinifundisha kuligawa faili hilo kwa dism, amri ya Windows. Siku hizi natumia programu ya Ventoy: naiweka kwenye flashi mara moja, kisha ISO za Windows na Ubuntu nazikopi humo kama nyimbo.

---

Mnaotumia Linux, chungeni sana dd, amri ya kuandika juu ya diski nzima. Niliandika sda (diski ya mashine) badala ya sdb (flashi). Tasnifu yangu ilikuwa humo, sura mbili nimeziandika upya kwa kukumbuka.

---

Pole sana mkuu, hiyo inauma. Mimi napiga lsblk, amri ya kuorodhesha diski, flashi ikiwa nje, naichomeka, napiga tena. Iliyoongezeka ndiyo yenyewe.